Kufuli Ambalo Verna Hakulitia

Asubuhi ya mkutano wa mji, Verna Pinkham alikuta mtu amemtilia kicheche mfu kwenye sanduku la barua. Hakupiga kelele. Alimshika mkia kwa glavu ya zizini, akamrusha ng'ambo ya uzio upande wa mdogo wake Orrin, kisha akasimama palepale kwenye tope na theluji, akitazama kama pazia la jikoni kwa Orrin litasogea. Lilisogea.

"Umeridhika?" akaliuliza pazia. "Basi leo nakushinda mchana kweupe."

Hakuwa na hakika kama ni Orrin. Mji wa Merrow ulikuwa na watu tele wenye sababu ya kumtilia Verna kicheche, na wengine wangemtilia akiwa hai. Kwa miaka mitatu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mipango ya ardhi, na kwa miaka hiyo mitatu alikuwa akiwaambia watu jambo moja wasilotaka kulisikia, kwamba Tambarare isijengwe. Alilisema dukani, alilisema kanisani, alilisema hata kwenye mazishi ya baba yake Royce Doughty, na hilo Royce hajamsamehe.

Tambarare ni uwanda wa changarawe juu ya mji. Mahindi hayaoti pale, majani ya ng'ombe yanaota kwa kununa, na kwa macho ya mtu anayeendesha gari kwenda kazini Portland ile ni nchi tupu inayosubiri nyumba. Lakini mvua yote na theluji yote inayoyeyuka inazama pale kama kwenye chujio, inashuka chini kwa chini, na inatokea sehemu mbili tu: kwenye kisima cha mji, na kwenye chemchemi nyuma ya zizi la Verna. Ng'ombe wake wote walikunywa hapo. Hakuwa na maji mengine. Mwaka wa ukame alimwita mchimbaji, yule bwana akapiga mwamba mpaka akachoka, akafungasha mashine yake na kuondoka bila hata kuaga. Chemchemi ikikauka, au ikianza kunuka vyoo vya watu, Verna hana ng'ombe. Na Verna bila ng'ombe ni nani? Yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza hilo usiku, na hakupenda jibu lake.

Shida ni kwamba Tambarare ilikuwa ya Orrin. Marehemu baba yao aliwagawia mali akiwa bado na nguvu za kugombana: Verna akapewa zizi, ng'ombe, malisho na chemchemi, Orrin akapewa nyumba ya barabarani na changarawe yote ya juu. Kwa kuwa nyumba ya barabarani haikuwa na kisima, mzee alichimba mtaro kwa mikono yake, akalaza bomba kutoka kwenye chemchemi ya Verna mpaka jikoni kwa Orrin, akasema maji ni yenu wote wawili na sitaki kusikia neno. Hawakuandikiana chochote. Kwa miaka mingi hakuna aliyesema neno.

Kisha akaja Bwana Kessler kutoka jijini, mwenye buti ambazo hazijawahi kukanyaga kitu, akataka kuinunua Tambarare yote aijaze nyumba, kila moja na kisima chake, shimo lake la maji taka, lami yake na gereji ya magari matatu. Orrin akakubali kabla kahawa haijapoa. Alikuwa na nyonga mbili mbovu, hakuwa na mke wala mtoto, na alikuwa akisema wazi kwamba akishalipwa anahamia Florida na theluji hii ataiachia anayeipenda. Yote hayo Verna aliyaelewa. Alichoshindwa kukielewa ni vile Orrin alivyosimama vuli iliyopita, kamati ilipokuwa ikisikiliza maoni ya wananchi, na kumwambia mbele ya watu: "Maji yapo tele. Asiyeamini achimbe." Baada ya kuyanywa maji ya dada yake maisha yake yote!

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Ilipopita Krismasi, Verna alimpelekea pai kwa mkono wa Dorcas Ouellette. Pai ikarudi haijakatwa.

*

Mkutano ulifanyika ukumbini shuleni, chini ya nyavu za mpira wa kikapu, kama kila mwaka mwezi wa Machi. Kila mpiga kura alipewa kadi ya kijani mlangoni. Jikoni maharage yalikuwa yanaiva tangu jana, na Dorcas, ambaye ndiye mkubwa wa jiko na ndiye rafiki pekee aliyebaki wa Verna asiye na miguu minne, alikuwa akichungulia kwenye dirisha la kupakulia kila aliposikia mtu anapandisha sauti.

Hoja ya kukataza ujenzi Tambarare ilikuwa ya kumi na moja. Msimamizi wa mkutano, mzee Alden Frye, aliisoma polepole kwa miwani ya kuazima. Kabla hajaketi, Royce Doughty alikuwa amesimama. Royce huchimba misingi ya nyumba kwa mashine, na shingo yake inakaribia kuwa nene kama mashine yenyewe.

"Mimi nauliza tu," alisema. "Mkizuia nyumba, watoto wangu watakula nini? Hewa safi ya Verna?"

Watu wakacheka. Verna hakucheka.

"Royce, hakuna anayezuia nyumba. Ramani hiyo hapo ukutani, tena nimeichora kubwa kwa ajili yako. Jengeni kwenye kiwanja cha kiwanda cha mbao cha zamani. Jengeni nyuma ya shule. Jengeni zikaribiane, bomba la mji linafika, watoto wataenda shule kwa miguu. Kinachokatazwa ni kuweka mapaa na lami na mashimo ya vyoo juu ya maji tunayokunywa."

"Unayokunywa wewe na ng'ombe wako!"

"Na wewe. Hiyo kahawa mkononi mwako imetoka mbinguni?"

Royce akaitazama kahawa yake, akakasirika zaidi. "Ardhi ni ya mtu, bibi wewe! Leo mnamwambia Orrin asijenge nyumba, kesho mtaniambia mimi nisijenge choo."

"Choo chako ndicho cha kwanza nilichokifikiria."

Hapo hata waliokuwa upande wa Royce walicheka, na mzee Alden akagonga meza akawaambia waheshimiane, kwamba wako hadharani. Mwanamke mmoja aliyehamia miaka miwili iliyopita alisimama akasema Verna na wenzake wanawabania wengine mlango baada ya wao kuingia. Mwingine akamwita Verna malkia wa maji. Mtu wa nyuma kabisa, ambaye hakuwa na ujasiri wa kusimama, akauliza kwa sauti kama kicheche alifika salama.

"Alifika," Verna akajibu bila kugeuka. "Nilidhani ni wewe umekuja kunitembelea."

Kisha akawaambia habari za Tarbell, mji wa jirani, ambao kila mtu pale ukumbini aliupita kwa gari na kujifanya hauoni. Tarbell nao walikuwa na uwanda wao wa changarawe. Waliuacha ujengwe hovyohovyo, kila mwenye shamba akiuza kipande chake, pasipo mtu wa kusema hapa ndiyo na pale hapana. Sasa watu wa Tarbell wanapanga foleni na madumu nyuma ya kituo cha zimamoto, na akina mama wananunua maji ya chupa ya kuogeshea watoto wachanga. "Nao waliambiwa maji yapo tele," alisema Verna, na hapo ndipo alipomtazama Orrin kwa mara ya kwanza.

Orrin alikuwa amekaa ukutani, miguu imenyooshwa kwa sababu ya nyonga, kofia magotini. Wote walikuwa wakisubiri asimame. Royce alimsukuma kwa kiwiko. Bwana Kessler, ambaye hakuwa mkazi na hakuruhusiwa kusema, alimkazia macho kutoka mlangoni. Orrin alikohoa, akaikunja kofia yake, akabaki ameketi.

"Wanaokubali hoja, kadi juu," akasema mzee Alden.

Wafugaji wote waliinua kadi. Wazee wa kanisani wakainua. Wageni kadhaa waliokuwa na visima vyao walitazamana, nao wakainua. Na kule ukutani, taratibu, kama mtu anayenyoosha mkono wenye maumivu, Orrin Pinkham aliinua kadi yake ya kijani.

Royce alimtazama Orrin kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe. Verna akajifanya anahesabu kadi pamoja na makarani. Hoja ikapita bila shaka yoyote.

Sasa, Merrow wana desturi yao. Hoja ikipita, bado inaweza kurudishwa mezani siku hiyohiyo na kupigiwa kura upya, ilimradi mkutano haujafungwa. Kwa hiyo aliyeshinda husimama palepale, kiti hakijapoa, akaomba yeye mwenyewe hoja irudiwe, na wenzake walioshinda naye wanalikataa ombi hilo kwa pamoja. Ombi likishakataliwa mara moja haliombwi tena, mchezo umekwisha. Hiyo wanaiita kutia kufuli. Ni kinga dhidi ya wajanja, na hakuna aliyekuwa fundi wa kufuli kama Verna. Aliwahi kuitia kufuli mpaka hoja ya kununua chumvi ya barabarani.

Dorcas alitoa kichwa chake chote kwenye dirisha la jikoni. "Verna! Tia kufuli!"

Verna alisimama. Akamtazama Orrin. Orrin alikuwa bado ameishika ile kadi, imelala juu ya kofia, na hakuwa akimtazama mtu. Kutia kufuli sasa hivi, mbele ya mji mzima, dakika moja baada ya mdogo wake kuinua mkono dhidi ya mfuko wake mwenyewe, kungekuwa sawa na kumwambia: sikuamini hata ukiinua mkono. Verna alikuwa mkali, si mshenzi. Akaketi.

"Hoja ya kumi na mbili," akasema mzee Alden.

Dorcas aligonga mwiko kwenye sufuria kwa nguvu hivi kwamba watoto wakashtuka.

*

Chakula cha mchana Orrin alikaa meza moja naye. Hakuja karibu sana. Kulikuwa na viti viwili vitupu katikati. Alimsogezea mkate mweusi bila kuombwa.

"Maharage ya mwaka huu yana chumvi," alisema.

"Dorcas ana hasira."

"Na nani?"

"Na mimi."

Orrin akatikisa kichwa, akala. Verna alitaka kusema mambo mengi, akasema, "Nyonga zinaendeleaje?" Orrin akasema zinaendelea kuuma. Basi. Lakini Verna alikula sahani mbili, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu vuli, na alipokuwa akisuuza kikombe alijikuta anapiga mluzi. Mtu mzima kupiga mluzi kwenye sinki la shule! Alijionea aibu, akaendelea.

Mchana hoja zilikwenda kwa mwendo wa konokono. Kulikuwa na suala la katapila la kuondolea theluji, kama linunuliwe jipya au likarabatiwe la zamani, na Royce pamoja na wenzake wawili walilishikilia utadhani ni urithi wa mama yao. Waliuliza aina ya matairi. Waliuliza rangi. Verna aliwaona wajinga, akaitazama saa ya ukutani. Ng'ombe hawajui mkutano. Kiwele kikijaa kimejaa. Mfugaji mmoja akavaa koti, wa pili akamfuata, na baada ya muda mfupi safu zote mbili za mbele zilikuwa tupu.

Miaka ya nyuma Orrin ndiye aliyemkamulia siku ya mkutano, ili dada yake abaki mpaka mwisho. Verna alimwendea pale ukutani, akasimama hajui aanzeje.

"Nenda ukakamue," Orrin akamwambia kwa sauti ya chini. "Nyonga zimenikatalia kuchuchumaa. Mimi nitabaki hapa nikuangalizie."

"Haya, asante," alisema Verna. Hakuwa amemwambia Orrin asante kwa muda mrefu, na neno lilitoka likiwa na kutu.

*

Alikuwa amefika nusu ya ng'ombe simu ya ukutani ilipolia kwenye chumba cha maziwa.

"Rudi," alisema Dorcas. Alikuwa ananong'ona, na nyuma yake sauti ya mzee Alden ilikuwa inahesabu. "Rudi sasa hivi. Wameirudisha."

"Wameirudisha nini?"

"Tambarare! Wanaipigia kura tena."

"Hawawezi. Anayeomba hoja irudiwe lazima awe alikuwa upande ulioshinda. Royce alishindwa. Mwambie Alden asome kanuni."

"Verna, sikiliza. Si Royce aliyeomba."

"Nani sasa?"

"Si uliona mwenyewe kadi yake," alisema Dorcas.

Verna aliiacha simu inaning'inia kwenye waya wake. Aliwaacha ng'ombe na mashine vilevile, akaendesha lori na aproni ya zizini mwilini, akapita njia panda bila kutazama kulia wala kushoto. Njiani hakulia. Alikuwa akisema neno moja tu, tena la matusi, nami sitaliandika.

Alipofungua mlango wa ukumbi, mzee Alden alikuwa ameshasoma matokeo. Hoja ilianguka kwa kura chache, nyingi zake zikiwa za Royce na jamaa zake waliokuwa wamekaa mchana kutwa wakiuliza rangi ya katapila. Bwana Kessler alikuwa anapeana mikono na watu. Orrin alikuwa palepale ukutani, anakula pai.

Verna alikwenda mpaka mbele yake, maji ya samadi yakichora njia kwenye sakafu ya mpira wa kikapu.

"Inua kadi yako, Orrin. Niione tena."

"Kaa chini. Unanuka zizi."

"Inua!"

"Kura imekwisha, dada."

"Usiniite dada. Dada yako ni nani hapa? Kessler ndiye dada yako."

"Bi Verna," mzee Alden aliita kutoka mezani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya kwa niaba ya wengine, "imerudiwa kihalali. Nimeangalia kanuni mara mbili."

"Najua ni kihalali, Alden! Kanuni hiyo nimeijua kabla hujaazima hiyo miwani." Hakumwondolea Orrin macho. "Ulikaa na mimi mezani. Ulinipa mkate."

Orrin aliweka uma chini. Uso wake ulikuwa mwekundu, lakini haukuwa na majuto yoyote. Ulikuwa uso wa mtu aliyebeba kitu kizito muda mrefu akafika.

"Wewe ulipewa ng'ombe na maji, mimi nikapewa mawe," alisema. "Maisha yangu yote nimekaa juu ya mawe. Akatokea mtu mmoja, mmoja tu, anayeyataka, na wewe ukachukua kalamu ukayapaka rangi kwenye ramani yako, ukaandika hapa marufuku. Hukuja kuniuliza. Ulinitumia pai."

"Ningekuuliza ungesema nini?"

"Ningesema hapana. Lakini ungeuliza." Alifuta mdomo. "Na tena ungetia kufuli, Verna. Unatia kila mwaka. Mpaka chumvi umeitia kufuli. Leo mbona hukutia?"

Jibu Verna alikuwa nalo, Orrin alilijua, na ndilo alilolitegemea tangu alipoinua ule mkono taratibu kama mkono wenye maumivu. Verna aligeuka akatoka. Nyuma yake Royce alisema jambo kuhusu harufu, na safari hii wachache tu ndio waliocheka.

*

Alimaliza kukamua. Ng'ombe walikuwa wamechafukwa na wawili walimpiga teke, akaona wana haki. Kulikuwa bado na mwanga alipochukua spana kubwa akazunguka nyuma ya zizi.

Kibanda cha chemchemi kilikuwa cha mawe, kifupi, na ndani yake maji yalikuwa yanatoka kwenye changarawe bila kelele, safi kiasi kwamba unadhani birika ni tupu mpaka uingize mkono. Yalikuwa yanatoka vilevile kama jana. Hayajapata habari. Kwenye ukuta kulikuwa na koki mbili za shaba zilizofungwa na baba yao: moja ya zizini, moja ya nyumba ya barabarani. Ya pili haikuwahi kufungwa tangu siku ilipowekwa, na iligoma. Verna aliweka spana, akakanyaga ukuta kwa mguu mmoja, akavuta kwa uzito wake wote na kwa kila kitu alichokula mchana ule. Ikazunguka. Akaikaza mpaka mwisho, akajifuta mikono, akaenda kulala bila kula, na alilala usingizi mbaya.

Orrin alikuja asubuhi kabla kengele ya kanisa haijalia. Alikuja kwa miguu, akichechemea kwenye barafu, ndevu hazijanyolewa, ndoo tupu kila mkono. Verna alikuwa uani anawafungulia ng'ombe waende kwenye birika.

"Bomba langu limeganda," Orrin alisema.

"Halijaganda. Nimelifunga."

Orrin alisimama. Alitazama kibanda cha mawe, akamtazama dada yake, akaona hatanii.

"Baba alisema maji ni yetu wote wawili."

"Hata mimi nilidhani alisema hivyo."

"Nitakwenda kwa mwanasheria."

"Nenda. Utanawa uso kwanza, au utakwenda hivyohivyo?"

"Verna, acha ukatili. Kessler hataanza kuchimba mpaka kiangazi. Maji yako yapo, hakuna aliyeyagusa. Mimi ni mgonjwa, nahitaji hata ya kumezea dawa."

"Maji yapo tele," alisema Verna. "Asiyeamini achimbe. Koleo liko nyuma ya mlango, na ukipiga mwamba usinililie, nami sikumlilia mtu."

Hapo Verna alimwona alivyozeeka, akaona kola ya shati lake chafu, akaona jinsi anavyoegemea mguu wa kushoto ili wa kulia upumzike. Angeweza kumwonea huruma. Jana alimwonea huruma, na huruma ile sasa ilikuwa imetandazwa kule juu kwenye changarawe, inasubiri lami.

Orrin aliweka ndoo moja chini. Ile nyingine akaishika kwa mikono miwili, akapiga hatua kwenda kwenye birika la ng'ombe, akaanza kuinama polepole kwa ajili ya nyonga zake.

"Ngoja," alisema Verna.

Orrin aliinua uso. Pengine alidhani anataka kumsaidia.

"Wao kwanza."

Akafungua lango lote. Ng'ombe wakatoka wakisukumana, wakalizunguka birika pande zote, wakatumbukiza midomo. Orrin alirudi nyuma mpaka kwenye uzio, akasimama na ndoo yake akingoja zamu. Ng'ombe walikuwa wengi, na asubuhi ile hakuna aliyekuwa na haraka.